Jinsi ya Kuchora Grafu za Mabadiliko ya Tabianchi Zinazoeleweka: Mwongozo Kamili, Kuanzia Jedwali Hadi Mchoro Uliokamilika

Wasomaji wengi wanaoandaa michoro ya tabianchi kwa ajili ya darasa, ripoti ya mradi, mkutano wa kijiji au habari ya gazeti hukwama mahali palepale. Takwimu wanazo, kompyuta wanayo, na grafu inatoka. Lakini anayeonyeshwa grafu hiyo huitazama, hutikisa kichwa kwa adabu, kisha hawezi kueleza imemwambia nini. Kasoro nazo ni zilezile. Joto limechorwa kwa viwango vyake halisi hadi mstari ukaonekana umelala, mvua za masika na za vuli zimejumlishwa pamoja, kichwa kinataja mada bila kusema lolote kuihusu, na rangi zimechaguliwa kwa kuwa zinapendeza.

Mwongozo huu unatengeneza michoro miwili: mmoja wa joto la kila mwaka na mwingine wa mvua ya msimu. Nimeichagua hiyo kwa sababu ndiyo inayohitajika zaidi Afrika Mashariki, na kwa sababu anayeimudu hupata njia ya kuchora pia kina cha ziwa, mavuno au barafu ya mlimani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Jedwali la joto. Unahitaji wastani wa joto wa kila mwaka kwa nchi au eneo lako, usiopungua miaka 50. Tovuti ya Benki ya Dunia iitwayo Climate Change Knowledge Portal hutoa bila malipo takwimu za nchi mbalimbali kuanzia mwaka 1901. Ikiwa unachora joto la dunia nzima, chukua GISTEMP, jedwali la joto la dunia la NASA, shirika la anga la Marekani, linaloanzia mwaka 1880.

Jedwali la mvua. Hili liwe la kila mwezi, kwa milimita, na lisipungue miaka 30. Takwimu za vituo vya kupimia mvua hupatikana kwa maombi rasmi katika mamlaka za hali ya hewa, mara nyingine kwa ada. Pale ambapo vituo ni vichache, tumia CHIRPS, hifadhi ya data inayounganisha picha za setilaiti na vipimo vya vituo, na inayoanzia mwaka 1981.

Programu ya lahajedwali. Excel, LibreOffice Calc na Google Sheets zote zinatosha. Ukitaka mchoro nadhifu zaidi bila kuhangaika na mipangilio, Datawrapper hufanya kazi ndani ya kivinjari na ina huduma ya bure.

Karatasi, kalamu, simu ya kawaida, na mtu mmoja asiye mtaalamu. Vya kwanza ni vya hatua ya 1. Simu na mtu huyo ni vya hatua ya 8, na usiviache.

## Hatua ya 1: Andika swali moja, tena kwa kalamu

Kabla ya kufungua kompyuta, andika swali ambalo mchoro utalijibu. "Mabadiliko ya tabianchi Tanzania" ni mada, haijawa swali. "Je, joto la Tanzania limepanda tangu mwaka 1961, na kwa kiasi gani?" ni swali. "Je, mvua za vuli za miaka 10 iliyopita zimekuwa za kubadilikabadilika kuliko za zamani?" nalo ni swali, lakini ni jingine, na linahitaji mchoro wake.

Hatua hii huonekana ya kitoto, na ndiyo maana watu huiruka. Michoro inayoshindikana, kwa sehemu kubwa, hushindikana hapa: mchoraji anataka joto, mvua, hewa ya ukaa na mavuno ya mahindi yaonekane mahali pamoja, na msomaji anaachiwa kazi ya kutafuta jambo ambalo mchoraji mwenyewe hajaamua kulisema.

Chini ya swali, chora kwa mkono umbo unalotarajia: mstari unaopanda, au nguzo zinazopishana juu na chini. Ukishindwa kuchora hata umbo la kukisia, swali lako bado ni pana mno.

*Umefaulu ikiwa* swali linaingia katika mstari mmoja, lina mahali, lina kipindi, na linataja kitu kimoja kinachopimwa.

## Hatua ya 2: Safisha jedwali

Fungua jedwali na ulitazame kabla ya kulichora. Weka miaka katika safu wima A na joto katika safu wima B, na majina ya safu yawe katika mstari wa 1. Tafuta mambo haya kwa macho yako mwenyewe.

Kwanza, alama za data inayokosekana. CHIRPS huandika -9999 mahali pasipo na kipimo, na GISTEMP huandika nyota tatu. Ukiiacha -9999 ndani ya jedwali, wastani wako utaharibika kabisa na grafu itashuka ghafla kama imeanguka shimoni. Futa alama hiyo na uache seli tupu. Usiweke sifuri. Sifuri katika mvua maana yake ni kwamba kipimo kilisomwa na mvua haikunyesha. Seli tupu maana yake ni kwamba hakuna aliyepima. Mambo hayo mawili yakichanganywa, mwezi ambao mpimaji alikuwa likizo utageuka kuwa ukame.

Pili, vizio. Jedwali la GISTEMP la CSV limeandikwa kwa nyuzi za Selsiasi, lakini lile la maandishi matupu limeandikwa kwa sehemu za mia za nyuzi, hivyo 128 humo ni nyuzi 1.28. Katika majedwali hayo wastani wa mwaka, Januari hadi Desemba, uko katika safu iliyoandikwa J-D. Ile ya D-N inayoifuata huhesabu mwaka kuanzia Desemba ya mwaka uliotangulia, na wengi huichukua kimakosa.

Tatu, tarakimu zilizogeuka kuwa maneno. Kompyuta iliyowekwa mkato badala ya nukta kwa desimali huisoma 24.5 kama neno. Dalili yake ni kwamba tarakimu zimeegemea upande wa kushoto wa seli badala ya kulia. Zirekebishe kwanza, kwa sababu fomula ya wastani itazipita kimyakimya bila kukuonya.

Onyo: usiunganishe takwimu za kituo hadi mwaka fulani na za setilaiti kuanzia mwaka unaofuata katika mstari mmoja. Vyanzo viwili hupima kwa njia tofauti, na mruko unaotokea kwenye kiungo utaonekana kama badiliko la tabianchi ilhali ni badiliko la kipimo. Ukilazimika kuvitumia vyote, chora mistari miwili inayopishana kwa miaka kadhaa ili tofauti ionekane wazi.

## Hatua ya 3: Chagua kipindi cha rejea

Kipindi cha rejea ni ile miaka ambayo wastani wake unakuwa "kawaida", na miaka mingine yote inalinganishwa nao. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, hutumia miaka 1991–2020 kama wastani wa sasa, na limeendelea kuitunza miaka 1961–1990 kuwa rejea ya kupimia mabadiliko ya muda mrefu.

Uamuzi wangu ni huu: kwa grafu ya joto inayokusudiwa kuonyesha mabadiliko, tumia 1961–1990. Ukitumia 1991–2020, sehemu kubwa ya ongezeko la joto itakuwa imeshamezwa ndani ya "kawaida" yenyewe, na miaka ya karibuni itaonekana imezidi kidogo tu. Kwa mvua itokayo CHIRPS huna hiari, kwa kuwa data yake haifiki mwaka 1961, tumia 1991–2020.

Kipindi chochote utakachochagua, lazima kiandikwe ndani ya mchoro. Sababu yake inaonekana vizuri katika takwimu za mwaka 2024. NASA ilitangaza kwamba joto la dunia mwaka huo lilizidi wastani kwa nyuzi 1.28 za Selsiasi, huku WMO ikitangaza takriban nyuzi 1.55. Wapo waliodhani mmoja wao amekosea. NASA ilikuwa imelinganisha na miaka 1951–1980, na WMO na miaka 1850–1900, ambayo ilikuwa ya baridi zaidi. Msomaji asiyeambiwa kipindi cha rejea hana njia ya kujua kwa nini tarakimu yako haifanani na aliyoisikia redioni.

## Hatua ya 4: Kokotoa tofauti na wastani

Hii ndiyo hatua inayoubadilisha mchoro usiosema kitu kuwa mchoro unaosema. Joto la mwaka la nchi iliyo karibu na ikweta halichezi sana; mwaka wa joto kali na mwaka wa kawaida vinaweza kupishana kwa chini ya nyuzi moja. Ukilichora kwenye mhimili unaoanzia 0 hadi 30, badiliko lote litajikunja ndani ya unene wa mstari. Dawa yake ni kutoa wastani wa kipindi cha rejea kutoka kwa kila mwaka na kuchora kilichobaki.

Fanya hivi. Ikiwa mwaka 1901 uko katika mstari wa 2, mwaka 1961 utakuwa katika mstari wa 62 na mwaka 1990 katika mstari wa 91. Katika seli C2 andika:

`=B2-AVERAGE($B$62:$B$91)`

Kisha buruta fomula hiyo hadi mwaka wa mwisho. Zile alama za dola ni za lazima. Zinaifunga fomula kwenye miaka 1961–1990. Bila hizo, kila unaposhuka mstari mmoja kipindi cha rejea nacho kinashuka mwaka mmoja, na utapata grafu yenye sura ya kuaminika lakini ya uongo mtupu. Kosa hili halionekani kwa macho kwenye mchoro. Lipime: chukua wastani wa safu C kuanzia mstari wa 62 hadi wa 91. Ukipata sifuri, au tarakimu ndogo mno inayokaribia sifuri, fomula yako ni sahihi.

Ongeza safu D ya wastani wa miaka 10, ili macho yapate mwelekeo katikati ya kupanda na kushuka kwa mwaka hadi mwaka. Katika seli D11 andika `=AVERAGE(C2:C11)`, safari hii bila dola, kisha buruta kwenda chini. Kila tarakimu ya safu hiyo ni wastani wa miaka 10 inayoishia mwaka husika, na maelezo ya mchoro yaseme hivyo.

Onyo: usiseme joto limepanda kwa asilimia fulani. Sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda. Haimaanishi kwamba hakuna joto kabisa. Kwa hiyo kutoka nyuzi 25 hadi 26 si "ongezeko la asilimia 4". Kwa Farenhaiti badiliko hilohilo lingetoa asilimia nyingine. Taja nyuzi, basi.

## Hatua ya 5: Panga mvua kwa misimu yake

Jumla ya mvua ya mwaka mzima huficha karibu kila kitu anachotaka kukijua mkulima. Mwaka wenye masika mabovu na vuli ya mafuriko unaweza kutoa jumla ya kawaida kabisa, na grafu yako ikasema "mambo yako sawa" kuhusu mwaka uliomuumiza mkulima mara mbili.

Katika maeneo yenye misimu miwili, yaani sehemu kubwa ya Kenya, pwani ya kaskazini ya Tanzania, nyanda za juu kaskazini mashariki na ukanda wa Ziwa Victoria, jumlisha Machi, Aprili na Mei kwa masika, na Oktoba, Novemba na Desemba kwa vuli. Kila msimu uwe na mchoro wake.

Katika maeneo ya msimu mmoja, kama Dodoma, Mbeya au Songea, mvua huanza Novemba na kuisha Aprili, hivyo msimu unavuka mwaka. Hapo usijumlishe kwa mwaka wa kalenda, kwa sababu utakuwa umeunga mkia wa msimu mmoja na kichwa cha mwingine. Jumlisha Novemba na Desemba za mwaka mmoja pamoja na Januari hadi Aprili za mwaka unaofuata, na uupe msimu jina la miaka yote miwili, kwa mfano 2022/23.

Baada ya hapo geuza jumla kuwa asilimia ya wastani. Tuseme wastani wa vuli katika kituo chako ni milimita 300 na msimu fulani zilinyesha milimita 210. Hiyo ni asilimia 70 ya wastani, au asilimia 30 chini ya wastani (-30), na hii ya pili ndiyo utakayoichora. Asilimia inafaa kwa mvua, kwa kuwa sifuri ya mvua ni sifuri ya kweli, na inakuwezesha kulinganisha Tanga na Garissa bila eneo moja kulifunika jingine. Isipokuwa kwa miezi mikavu: pale ambapo wastani ni milimita 10, mvua moja ya milimita 30 ni "asilimia 300", na msomaji atadhani palikuwa na gharika. Kwa miezi hiyo baki na milimita.

Angalia pia unaanzia mwaka gani. Vuli ya mwaka 1997 ilikuwa ya El Niño na mvua zilipita kiasi. Ukianzia hapo, karibu kila kinachofuata kitaonekana kinashuka. Ukianzia vuli ya mwaka 2020 na kuishia ya mwaka 2023 katika mashariki ya Kenya, utaonyesha mvua "zinazoongezeka", kwa sababu umeanzia katika ukame wa misimu mitano mfululizo na kumalizia katika mafuriko. Tumia miaka yote uliyo nayo.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kutaja msimu wowote mkubwa unaojulikana, kama vuli ya 1997, ya 2019 au ya 2023, na ukaukuta unaonekana wazi katika jedwali lako ikiwa eneo lako liliguswa. Kama hauonekani, rudi hatua ya 2 kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 6: Chagua umbo na uiweke mihimili sawa

Kwa joto, chora tofauti za kila mwaka kwa mstari mwembamba wa kijivu, na wastani wa miaka 10 kwa mstari mnene wenye rangi. Kwa mvua, tumia nguzo zinazosimama juu ya mstari wa wastani kwa misimu ya mvua nyingi na kuning'inia chini yake kwa misimu ya ukame. Mvua ya msimu mmoja haiendelei hadi msimu unaofuata, kwa hiyo kuziunganisha kwa mstari ni kudai kitu ambacho hakipo.

Nguzo sharti zianzie kwenye mstari wa wastani, yaani sifuri ya tofauti. Ukikata mhimili ili nguzo zianzie mahali pengine, urefu wake hauna maana tena, na urefu ndio unaosomwa. Mstari wa kawaida hauna sharti hilo, lakini mhimili wima wake uandikwe tarakimu zinazosomeka, na usibanwe hadi mtikisiko wa sehemu ya kumi ya nyuzi uonekane kama mlima.

Usiweke joto na mvua katika grafu moja yenye mihimili miwili, mmoja kushoto na mwingine kulia. Mchoraji anaweza kuifanya mistari hiyo ikutane au iachane popote apendapo kwa kubadilisha vipimo tu, na msomaji atasoma makutano hayo kama tukio. Weka michoro miwili, mmoja juu ya mwingine, yenye miaka inayolingana kwenye mhimili mlalo. Mpangilio huo una faida ya ziada: unamwonyesha msomaji kwamba hata msimu ambao mvua haikupungua sana unaweza kukausha shamba ikiwa joto ni kubwa zaidi, kwa kuwa maji hupotea haraka kutoka ardhini.

Neno moja kuhusu picha zinazokuzwa na kupunguzwa. Barafu ya Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake kati ya mwaka 1912 na 2007. Mtu anayetaka kuonyesha hilo kwa miraba miwili huchora mmoja wenye upande wa sentimita 10 na mwingine wenye upande wa sentimita 1.5, akidhani amebakiza asilimia 15. Hesabu yake ni hii: mraba wa kwanza una sentimita 100 za mraba, wa pili 2.25. Amebakiza asilimia 2 na kidogo. Upande sahihi ni takriban sentimita 3.9. Jicho husoma eneo, kwa hiyo kinachopaswa kupungua kwa asilimia 85 ni eneo, na upande utafuata. Kosa hilohilo hutokea kwa picha za matone ya maji na za vipimajoto. Mimi huziepuka kabisa na kutumia nguzo.

## Hatua ya 7: Rangi na maandishi

Kwa joto, buluu ni baridi na nyekundu ni joto. Wasomaji wamekwisha kulizoea hilo, usiligeuze. Kwa mvua, tumia kahawia kwa ukavu na rangi ya kijani inayoelekea buluu kwa mvua nyingi. Usitumie nyekundu dhidi ya kijani, kwa sababu wapo watu, wengi wao wanaume, wasioweza kuzitofautisha. Usitumie pia rangi zote za upinde wa mvua katika ramani: njano hung'aa katikati na kuvuta macho mahali ambapo hakuna jambo lolote la maana.

Kumbuka kwamba ofisi nyingi huchapa kwa wino mweusi. Nyekundu iliyokolea na buluu iliyokolea zikipita katika mashine ya fotokopi hutoka kijivu kilekile. Nguzo za juu na chini ya mstari zinanusurika, kwa kuwa mahali zilipo panatosha kueleza. Ramani hainusuriki, isipokuwa upande mmoja wa rangi uwe hafifu kuliko mwingine.

Kichwa cha mchoro ndicho jibu la swali la hatua ya 1. Kiwe sentensi kamili yenye kitenzi. "Mwenendo wa joto duniani, 1880–2024" kinamwachia msomaji kazi yote. "Miaka 10 kuanzia 2015 hadi 2024 ilikuwa na joto kubwa kuliko mwaka wowote uliotangulia tangu 1880" kinamwambia cha kukitafuta, naye anashuka kwenye mchoro kukithibitisha. Chini ya kichwa, kwa herufi ndogo, andika kinachopimwa, kizio na kipindi cha rejea: "Tofauti ya joto la mwaka na wastani wa 1961–1990, kwa nyuzi za Selsiasi."

Ndani ya mchoro, andika "juu ya wastani" na "chini ya wastani" kando ya mstari wa sifuri. Hayo ndiyo maneno yanayotumiwa katika utabiri wa msimu, na wasikilizaji wa redio wanayajua. Jina la kila mstari liwe kando ya mstari wenyewe, kwa rangi yake, badala ya kisanduku cha ufafanuzi pembeni kinachomlazimisha msomaji kwenda na kurudi. Weka alama kwenye miaka miwili au mitatu ambayo watu wanaikumbuka, kama "El Niño 1997", na uishie hapo.

Onyo kuhusu madai: mchoro wa mvua ya wilaya moja unaonyesha kilichotokea, hauonyeshi sababu. Kwamba binadamu ameipasha joto dunia ni jambo ambalo IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, lilisema mwaka 2021 kuwa halina shaka, na hewa ya ukaa inayopimwa katika mlima Mauna Loa, Hawaii, tangu mwaka 1958 imepanda kutoka takriban sehemu 315 kwa milioni hadi zaidi ya 420. Lakini mvua ya Afrika Mashariki huyumbishwa pia na El Niño na hali ya joto la Bahari ya Hindi, na mwelekeo wake si mnyoofu kama wa joto. Kichwa kisemacho "Mabadiliko ya tabianchi yamemaliza mvua zetu" juu ya nguzo zinazopanda na kushuka kitakanushwa na msimu wa kwanza wa mafuriko, na pamoja nacho itaondoka imani ya msomaji kwa grafu ya joto ambayo ilikuwa kweli.

Mstari wa mwisho kabisa, ndani ya picha yenyewe, utaje chanzo cha takwimu na mwaka wa mwisho wa data. Uwe ndani ya picha kwa sababu picha ikisambazwa katika makundi ya WhatsApp, maelezo yaliyoandikwa nje yake hupotea.

## Hatua ya 8: Ijaribu kwa mtu na kwa simu

Ifungue picha kwenye simu ya kawaida, uishike kwa umbali wa kawaida wa kusoma. Ikiwa unalazimika kuikuza ili usome miaka, herufi ni ndogo mno. Punguza idadi ya miaka iliyoandikwa kwenye mhimili, kila baada ya miaka 10 au 20 inatosha, na ukuze zilizobaki.

Kisha mwonyeshe mtu asiye mtaalamu kwa muda mfupi, uifunge, na umuulize: "Imekuambia nini?" Usimuulize kama ameelewa. Ukimuuliza hivyo atakujibu "ndiyo" kwa heshima, hasa akiwa mdogo kwako au mgeni wa ofisi yako, na hutajua lolote. Akirudia kwa maneno yake kitu kinachokaribiana na kichwa chako, umefaulu. Akitaja rangi, au akisema "inahusu hali ya hewa", kichwa hakijasema kitu. Akisema kinyume cha ulichokusudia, kwa mfano akasoma nguzo ya chini kama mvua iliyo chini ya sifuri, tatizo liko kwenye mstari wa wastani: uufanye mnene zaidi na uuandike jina lake.

Ukipata nafasi ya kujaribu kwa mkulima au mvuvi wa eneo husika, usiiache. Atakuambia mara moja kama msimu ulioutaja kuwa mbaya ulikuwa mbaya kweli, na mara nyingi ataongeza kwamba tatizo lilikuwa mvua kuchelewa kuanza kuliko kiasi chake. Hilo linahitaji takwimu za kila siku na mchoro mwingine, na ni swali zuri la kuanzia hatua ya 1 upya.

## Hatua ya 9: Hifadhi, tuma, na jiandae kwa mwaka ujao

Hifadhi mchoro kama PNG kwa simu na mitandao, na kama PDF kwa uchapishaji. Unapotuma kwa WhatsApp, utume kama hati badala ya picha, kwa sababu picha hubanwa na maandishi madogo hufifia.

Jedwali na fomula zake vikae katika folda moja na mchoro, pamoja na karatasi fupi inayotaja chanzo, tarehe ya kupakua, kipindi cha rejea na seli ulizozifuta. Mwaka mpya ukikamilika, pakua jedwali zima upya badala ya kuongeza mstari mmoja chini, kwa kuwa taasisi hizi hurekebisha hata takwimu za nyuma vipimo vilivyochelewa vinapowasili. Kisha rudia kile kipimo cha sifuri cha hatua ya 4 kabla ya kuutuma mchoro mpya.